Mshale Chini ya Mkia wa Kuku

Menza alikuwa mchoraji wa mabango mjini Garsen. Kinyozi akimpa ukuta, alichorewa kichwa kilichonyolewa kikang'aa hadi wapita njia wakajipapasa vyao. Ila alikuwa na udhaifu mmoja: hakujua kuacha kitu.

Mvua kubwa zilipotabiriwa, komiti ya kijijini kwake Idsowe ilimwomba achore ubao wa kuonyesha watu wakimbilie wapi mto ukifurika. Mama Loise, mwenyekiti, alimweleza kwamba wanataka mshale tu, unaoelekea kwenye mwinuko.

Menza alianza na mto. Akaongeza migomba, kila jani na mpasuko wake. Akaongeza mwanamke aliyebeba kikapu, na ndani ya kikapu, kuku. Kuku huyo alimchukua siku nzima: manyoya ya shingo yalimeta kama shaba, na jicho lilikutazama kama linakufahamu.

Ubao uliposimamishwa njia panda, watu walijaa. Zadock alidai huyo ni kuku wake aliyepotea. Jirani yake Kaviha akakataa, akasema shingo ile anaijua, ni ya kuku wake yeye. Walibishana mpaka jua likawachoma, na Menza kando anajifanya hasikii, uso umechanua.

Mama Loise alingoja watawanyike.

"Menza mwanangu, mshale uko wapi?"

Akamwonyesha. Ulikuwa chini ya mkia wa kuku, mwembamba, wa kijani, katikati ya majani.

"Kwa hiyo maji yakija, tumwinue kuku mkia kwanza?"

Menza akaenda zake. Alirudi na rangi nyeupe. Migomba ilimuuma, lakini aliifuta. Akamfuta mwanamke na kikapu chake. Kuku alimbakiza, akijiambia kwamba kuku na mshale wataelewana. Alisogea nyuma atazame. Macho yakaenda kwa kuku. Akasogea mbali zaidi, kuku tena. Basi akampaka nyeupe kuanzia miguuni, jicho likawa la mwisho. Kisha akachora mshale mwekundu, mnene.

Mto ulipopasua kingo, Idsowe nzima ilihama. Menza, godoro kichwani, alipofika njia panda alipunguza mwendo, akitumaini hata mtu mmoja atausifu ule wekundu. Hakuna aliyesimama. Walitupa jicho mara moja, wakapinda kushoto wote, na watoto na mbuzi wao, wakaanza kupanda.

Ilimuuma kidogo. Akaliweka godoro sawa, akapinda nao.