Nyumba Isiyotoa Mtu

Usiku ule wa kuamkia mkutano wa mfereji nililala na hasira, maana nilijua kesho yake kijiji kizima kitanigeukia mimi. Huku kwetu milimani, Upare, mfereji wa mababu ulikauka kabla sijaolewa, na sasa watu wanataka kuufufua. Wapo wanaosema maji yakirudi watalima kabichi hata kiangazi. Wapo waliojenga vyoo juu ya njia yake, hao hawautaki, ila hawathubutu kutamka, wanasema tu, "Tumsikilize mjane kwanza." Mjane ndiye mimi. Mume wangu, Baba Neema, tulimzika nyuma ya nyumba, na waliochimba kaburi walifurahi jinsi udongo ulivyokuwa laini. Hakuna aliyejiuliza kwa nini. Kumbe lilikuwa tope la mfereji uliojifukia! Tulimlaza katikati ya njia ya maji, na sasa wanataka nikubali ahamishwe. Nilikuwa nimeapa: ng'o, hanigusii mtu mume wangu.

Nikasinzia. Nikajiona niko mkutanoni, uwanja wa shule. Mwenyekiti anasema wanaotaka mfereji wanyooshe mikono. Mikono inanyooka, na mingine ni ya watu ambao mazishi yao niliyahudhuria mwenyewe, wala hakuna anayeshangaa. Nataka kupiga kelele, ulimi mzito. Mara uwanja haupo. Niko nyuma ya nyumba yangu, jua kali, namsikia mtu anachimba.

Ni yeye. Suruali ameikunja hadi magotini, shati ni lile tulilomzika nalo, limelowa jasho mgongoni. Anachimba taratibu, udongo anautupa upande wa chini, vile watu wanavyofanya kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba lazima itoe mtu mmoja na jembe lake. Nilitaka kumkimbilia, miguu ikakataa. Jamani, nilikuwa nimemkumbuka! Nikabaki nimesimama palepale, nalia kama mtoto.

"Baba Neema, weka jembe chini. Wewe kazi yako ilishaisha."

Hakugeuka. "Nyumba yetu imetoa nani?"

Neema yuko mbali kwa mumewe, na mimi nimejifungia jikoni, nimenuna. Na huku kwetu nyumba isiyotoa mtu kwenye msaragambo haipewi zamu ya maji, hata iwe ya nani.

"Basi nimekuja mimi," akasema, na jembe likashuka tena.

"Lakini wanataka kukufukua! Wakung'oe kama muhogo!"

Ndipo ananitazama. Uso ni wake, ila umechoka, umechoka hasa, kuliko siku zile za ugonjwa.

"Mama Neema, mmenilaza njiani. Maji yanakuja, yananigonga ubavuni, yanarudi. Sipati usingizi."

Nikamwambia maji hayapo, mfereji mkavu miaka yote hii, ni nani huyo anayemdanganya. Hakubishana. Alipokuwa hai tungebishana mpaka chai ipoe. Akainama, akachimba, na safari hii jembe likagonga mbao. Nikajua ni mbao gani. Nikapiga yowe.

Niliamka nimeshikilia godoro, mto umelowa machozi. Nje jogoo wa jirani anawika. Sikufurahi kumwona mume wangu, nisidanganye. Nilimkasirikia. Kumzika mara moja nusura kuniue, leo anataka nimzike tena? Nililia kwa sauti, peke yangu, mpaka kukapambazuka, na kila nilipofumba macho nilimwona ameinama, anafanya kazi ya nyumba yetu.

Nikajifunga khanga, nikaenda kwa shemeji yangu Zakaria, mdogo wake marehemu. Yeye ndiye aliyekuwa akiwatangazia watu kwamba atakayesogelea kaburi la kaka yake atakutana naye. Nilimkuta mlangoni, anapiga mswaki.

"Shemeji, vipi asubuhi yote hii?" akauliza. "Usiogope ule mkutano. Tutawakatalia."

"Waite watu waje na majembe," nikamwambia.

Akatema povu, akanikodolea macho. "Waje kufanya nini?"

"Wamsaidie kaka yako. Ameshaanza kuchimba peke yake."