Vihisi Vilivyopotea Kila Nilipoondoka

Nilifunga vihisi vya milango nyumbani kwa Mama Neema, Tunduma, vimjulishe kwa simu mlango ukifunguliwa. Nikija kukagua, vyote vinasoma, nikiondoka, vinapotea kwenye simu yake. Nikamwambia Mama kwamba mlinzi wake, Mzee Simbeye, ndiye anayevichokoa. Mama akamfukuza.

“Mwanangu, vidude hivyo hata kuvigusa naogopa,” mzee alisema, akaenda kufunga begi.

Ili kuthibitisha kwamba mtambo unaopokea mawimbi ya vihisi ni mzima, nilifungua kabati la chuma nilimoufungia usiibwe. Simu ya Mama ikaonyesha vihisi vyote. Nikalifunga kama nifanyavyo kila nikiondoka. Vikapotea.

“Fundi,” Mama akasema taratibu, “hebu fungua tena.”

Nikafungua. Vikarudi. Mzee Simbeye alikuwa amesimama mlangoni na begi lake, ananitazama.