Nusu ya Simu ya Baba

Mimi si mtu wa kulialia. Waulize wapagazi wa stoo yangu pale Tunduma, watakwambia mdomo wa mama huyu hauna likizo. Lakini simu ya baba yangu ilipogeuka kuwa simu ya kazi, nililia. Nilikaa juu ya magunia ya maharage, mlango nimeuegesha, nikalia mpaka kitenge kikalowa.

Biashara yangu ni maharage na mahindi. Nanunua kwa wakulima wa kwetu Mbozi, nawauzia wanaovuka kwenda Zambia na Kongo. Kuna mteja wangu wa ng'ambo ananiita bamayo, yaani mama, ananisifia kwa Kibemba chake kitamu, halafu ananibana bei mpaka nashika kiuno. Baba yeye yuko Hasamba, kijijini kwetu Mbozi, na kahawa yake na ng'ombe wake. Mama alipofariki nilimleta akae nami mjini. Wiki haikuisha, akasema kwa honi hizi za malori hata jogoo hasikiki, akafunga kibegi chake akarudi zake.

Ndipo nikamnunulia simu, ile ya kupangusa. Nilitaka aniambie nani amevuna, maharage ya nani yamekauka, na kama barabara inapitika. Nilitaka pia kusikia sauti yake. Wala sikuona sababu ya kutenganisha mambo hayo mawili.

Jioni nikishafunika mzani, alikuwa anapiga. Alizungumza Kinyiha. Tunduma Wanyiha tupo tele, lakini hakuna anayeniita kwa lile jina la utotoni isipokuwa yeye. Alianza na maharage, akaja kwenye majirani, akaishia kwa ng'ombe, ambaye alikuwa amezoea mikono ya mama na sasa akikamuliwa na mwingine anapiga teke ndoo. "Ananitazama, halafu anatazama nyuma yangu," baba aliniambia siku moja. "Anaona nimemficha." Alicheka alivyosema hivyo, nami nikacheka, kisha akaniambia nilale salama. Nilikuwa naishi kwa hizo jioni, sisemi uongo.

Biashara ikakua. Zamani nilikuwa nakadiriwa tu kodi, nalipa, naondoka. Sasa nikaambiwa kwa mauzo yangu lazima nipeleke hesabu kamili, nitafute na mhasibu. Nikampata kijana mmoja mpole, mwenye ofisi ndogo juu ya duka la vipuri. Akanifundisha jambo lililonifurahisha kwelikweli: vifaa vya kazi vinapunguza kodi. Kompyuta, printa, mzani wa umeme, simu, gharama yake inatolewa kidogo kidogo kwenye faida kadiri vinavyochakaa. Ila viwe vya kazi kweli, na viwe na risiti ya mashine.

Kompyuta yangu nilikuwa nimeinunua Nakonde, upande wa Zambia, ambako sisi wa Tunduma tunaenda kama mtu anayevuka kwa jirani kuomba chumvi. Nikamtolea risiti ya kule kwa mbwembwe. Akaigeuza, akaniuliza karatasi za forodha ziko wapi. Forodha gani tena, na mimi niliibeba kwapani? Kijana akacheka mpaka akavua miwani.

"Hiyo sahau, mama. Tuone kingine."

Kingine kilikuwa simu ya baba. Hiyo niliinunua hapa hapa Tunduma, risiti yake safi. Akaniuliza mzee anahusika vipi na biashara. Nikamjibu kwamba bila yeye ningenunua maharage mabichi kila msimu. Basi, akaiandika kuwa ni ya kazi, yote, na akaniomba nimjulishe mzee ili wakaguzi wakimpigia asishangae. Nikampigia palepale.

"Baba, simu yako tumeiandika kwenye hesabu za kodi. Ni ya kazi. Ukiulizwa, useme hivyo."

"Ya kazi yote?"

"Yote, Baba."

"Haya. Nimeelewa."

Ningejua alichoelewa, ningemeza ulimi wangu. Maana lazima mmjue baba. Alipokuwa mzee wa kanisa alipewa baiskeli ya kutembelea wagonjwa. Siku ya kwenda mashineni kusaga, alijitwika gunia la mahindi begani, akaipita baiskeli hiyo imeegemea ukuta wa nyumba yetu. Mama alimpigia kelele mpaka majirani wakatoka nje. Baba akajibu bila hata kugeuka, "Baiskeli ni ya wagonjwa. Mahindi yangu hayaumwi."

Kesho yake alipiga asubuhi, na alipiga kwa Kiswahili. Baba yangu mzazi, ananiongelesha Kiswahili kama mtu aliyesimama mbele ya mkuu wa wilaya! "Habari za kazi. Taarifa ya Hasamba ni kwamba maharage ya juu yamekauka, ya bondeni bado. Barabara inapitika. Ahsante." Akakata. Nikajua mtandao umekatika. Jioni nikafunika mzani, nikasubiri. Kimya. Nikapiga mwenyewe.

"Baba, unaendeleaje?"

"Ya bondeni bado yana unyevu."

"Nakuuliza wewe, siulizi maharage!"

"Mama, hii simu ni ya kazi," akaniambia, na sauti yake haikuwa na ukali hata kidogo. "Tumeshasema ni ya kazi. Usiku mwema."

Hapo ndipo nilipolia. Halafu nikakasirika, maana kwangu hivyo viwili vinatembea pamoja. Nikamwambia namnunulia simu ya pili, ya mazungumzo. Akauliza kama amekuwa mbunge, mtu mmoja kutembea na simu mbili. Nikamwambia kila mtu Tanzania nzima anampigia mama yake kwa simu ya ofisi. Akasema yeye hajakutana nao.

Yakapita mavuno, ikapita miezi. Taarifa zake zilikuwa nzuri ajabu, na biashara ilinoga. Watu wakanipongeza. Mimi nilikuwa nikimsikiliza nasikia nyuma yake ng'ombe analia, natamani kuuliza, ameshakukubali? Unakula nini jioni? Bado unalala upande wako wa kitanda, na upande wa mama umeuacha vilevile? Huwezi kuuliza hayo katikati ya habari za unyevu. Sauti ilikuwa ileile, lakini baba hakuwemo, na nilimkumbuka kama mtu aliye nchi ya mbali, wakati Hasamba naenda na kurudi siku moja nikipata nafasi. Nafasi yenyewe ndiyo sikuwa nayo, malori hayamsubiri mtu.

Krismasi nilipanda Hasamba. Nyumba ilijaa mashangazi na wajukuu, hatukupata hata dakika ya kukaa wawili. Nikaona shati lake la kanisani limempwaya shingoni, moyo ukanipasuka. Wakati wa kuondoka alishika mlango wa gari, akainama, akafungua mdomo. "Nitakupi..." akaanza, kisha akakumbuka. Akaufunga mlango taratibu. "Nenda salama, mama."

Msimu wa hesabu ukarudi. Nikapanda tena ngazi za juu ya duka la vipuri, nikiwa nimenuna. Kijana akawa anapitia vifaa kimoja kimoja. Mwaka huo nilikuwa nimenunua kompyuta nyingine, ya risiti halali. Akaniuliza kama kuna mtu anaitumia nyumbani. Nikamwambia binti yangu anaangalizia tamthilia.

"Basi tutaondoa sehemu yake. Kifaa kikitumika kazini na nyumbani, unadai ile sehemu ya kazi tu."

Nilitoa macho. "Rudia."

Akarudia.

"Kwa hiyo kifaa kimoja kinaweza kuwa nusu cha kazi, nusu cha mtu na watu wake? Na ofisi ya kodi inalijua hilo?"

"Inalijua, mama. Lipo siku zote."

"Simu ya Hasamba. Iandike nusu."

Akaweka kalamu chini. Akanieleza kwa upole kwamba kodi yangu itapanda. Nikamwambia ipande. Akasema watu wanamjia pale wanamlazimisha aandike friji ya nyumbani kuwa kifaa cha kazi, na hajawahi kuona mtu anayekuja kupunguza. Nikamwambia aandike nusu kabla sijamfokea, na kijana wa watu akaandika.

Nikampigia baba nikiwa bado kwenye ngazi. Nikamweleza yote.

"Imeandikwa?"

"Imeandikwa, Baba. Nusu ya kazi, nusu yetu."

"Na kodi ya hiyo nusu yetu?"

"Nitailipa."

"Haya," akasema. "Nimeelewa." Akakata. Loh! Nilibaki nimeishika simu pale ngazini, nimechoka kabisa.

Kesho yake asubuhi wapagazi walikuwa wanapakia. Simu ikaita. Taarifa ya Hasamba, kwa Kiswahili: mahindi yameanza kuvunwa, barabara inapitika, kuna jirani ana maharage mazuri lakini bei yake kali. Nikasema ahsante, nikasubiri akate. Hakukata. Nikasikia kuku, nikasikia anavuta kigoda.

"Kazi imeishia hapo," akasema.

Halafu akaniita kwa lile jina langu la utotoni. Nikawapungia mkono wapagazi watoke nje, nikakaa juu ya magunia.

"Kahawa ilipochanua," akaanza, kwa Kinyiha, "niliamka nikakuta shamba lote jeupe. Nikatoka nje nikamwita mama yako aje aone. Nilimwita kwa sauti kabisa, mwanangu, mpaka nikasikia mwenyewe. Nilitaka kukwambia siku ileile. Lakini simu ilikuwa ya kazi."