Godoro la Kukimbia Mkoromo

Jumamosi, kwenye duka la magodoro Ubungo, mteja mmoja alijilaza chali kujaribu godoro. Usingizi ukampitia papo hapo, akaanza kukoroma. Sisi wateja wengine tukacheka. Ghafla kifua kikatulia, kimya kabisa. Mkewe, huku akibishania bei na muuzaji, akamsukuma bega mpaka akageukia ubavu. Mume akavuta pumzi kwa kishindo.

"Dada, alikata pumzi!" nikasema.

"Akilala chali ndivyo anavyokuwaga. Nimechoka kumgeuza. Hili godoro langu, nahamia chumba cha watoto."

Muuzaji akaacha kukunjua kamba ya kulifungia godoro. "Sasa ukihama, sista, nani atamgeuza?"

Mwanamke akamtazama mumewe, akamtikisa. "Baba watoto, amka. Tunapita hospitali kwanza."

Wengi tunalalamikia kelele za wakoromaji. Mie sasa naogopa wakinyamaza.