Mama Aliyetazama Ukuta

Juzi kwenye zahanati moja hapa Lodwar tulipanga foleni kumsubiri daktari wa macho aliyeletwa kwa ndege. Mbele yangu mama mzee, mfugaji kutoka Kataboi, alimjibu karani huku uso kauelekeza ukutani.

"Mama, nitazame ninaposema nawe!" karani alifoka.

"Nikitazama wewe, wewe unapotea. Nikitazama ukuta, naona wewe."

Karani akacheka. Daktari, aliyekuwa meza ya pili, hakucheka. Alimpima, akamwambia kwa upole kwamba katikati ya jicho pamekufa, pembeni pamebaki, na dawa hakuna.

Mama alishikashika shanga zake. "Mbuzi nitaona?"

"Kwa pembeni, mama."

"Basi. Mbuzi haiulizi kwa nini sitazami yeye."

Nimesimama mbele ya maofisa wengi walionikazia macho. Sijui wangapi waliniona.