Laptop ya Wiki ya Idd

Wiki ya kabla ya Idd ya kuchinja, Garsen hubadilika sura. Ng'ombe hupanda bei, wafugaji huingia mjini na pesa mfukoni, na wenye maduka, ambao si wajinga, hubandika karatasi milangoni kutangaza ofa. Mwaka huo, karatasi ya duka moja la simu na kompyuta iliandikwa kwa kalamu nyekundu: bei ya zamani imepigwa mstari, bei mpya iko chini yake. Mimi nilikuwa nimepita pale mara nyingi kuchungulia, na hiyo bei ya zamani sikuwahi kuiona. Hiyo inayoitwa mpya ndiyo iliyokuwa bei tangu nilipoanza kuchungulia. Sikusema kitu, maana mwenye shida hachagui wa kugombana naye.

Vitabu vya shule vinasema kipakatalishi. Kwetu tunasema laptop, na mimi niliihitaji kuliko nilivyowahi kuhitaji kitu chochote. Nilikuwa nasomea ualimu wa chekechea kwa njia ya mtandao, kazi zote nikizifanyia kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, mpaka chuo kilipotutumia ujumbe kwamba mtihani wa mwisho utafanywa kwa kompyuta yenye kamera, siku chache baada ya Idd, na atakayeukosa atarudia mwaka mzima. Wengine husikia kurudia mwaka kama jambo la kusikitisha kidogo. Kwetu ni njia ya adabu ya kusema umeacha. Shangazi zangu walikuwa tayari wameanza kuulizana nitaolewa lini, na walikuwa hawanong'oni.

Nilimsomea baba ule ujumbe, nikamweleza maana yake. Baba ni mfugaji, Muorma wa uwanda huu wa Tana tangu azaliwe, na shuleni hakwenda hata siku moja. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyanyuka, akaenda zizini. Asubuhi yake alimtoa mtamba wangu. Nasema wangu kwa sababu nilipozaliwa nilitengewa ndama jike, na huyu alikuwa wa uzao wake, wa pekee aliyeokoka ukame. Hakuniomba ruhusa, nami nisingemnyima. Lakini nilipomwona mtamba anafuata nyuma yake kuelekea mnadani, anamwamini hivyo, moyo uliniuma.

Jioni baba alirudi na kamba tupu mkononi, akaitundika ndani ya nyumba upande wa mama. Ndivyo inavyofanywa kwetu. Mnyama akiuzwa, mnunuzi hupewa mnyama, kamba hubaki kwa muuzaji. Wazee wanaamini kwamba baraka ya zizi imo kwenye kamba, na kamba ikiondoka, waliobaki watamfuata aliyetoka. Mnunuzi mwenye heshima zake haigusi. Anakuja na yake, au anamswaga mnyama kwa fimbo tu. Mtu anayeondoka na kamba ya mwenzake anajulikana mnadani kote, na si kwa wema.

Siku ya pili tukaenda dukani. Mwenye duka alikuwa Msomali wa makamo, ndevu zimepakwa hina, na kabla ya kufungua duka alikuwa dalali wa mifugo, kwa hiyo walielewana na baba kabla hata ya salamu kwisha. Akatutolea laptop tatu, zote zilizotumika, zimeletwa kutoka nje. Ya kwanza aliisifu sana. Baba akaisukuma pembeni bila kuifungua, kwa sababu anayesifu sana mnyama wake ana haraka ya kuachana naye. Ya pili ilikuwa inang'aa mno. Ya tatu ilikuwa na kovu kwenye pembe, na mwenye duka hakusema lolote juu yake. Baba akaichukua hiyo.

Aliigeuza tumbo juu. Akapapasa bawaba zake polepole kama anayepapasa magoti ya ndama, akaufungua mdomo wake akaufunga, akainusa. Halafu akauliza mwenyewe wa kwanza alikuwa nani, na kwa nini aliiuza. Mwenye duka akasema ilitoka Dubai kwenye kontena, wa kwanza hamjui. Baba akasema kwamba Dubai hakuna nyasi. Nilitamani ardhi inimeze, maana walikuwepo vijana wa rika langu wakinunua vifuniko vya simu, na mmoja wao alikuwa anajizuia kucheka mpaka mabega yanatikisika.

Hila yake kubwa nilikuja kuiheshimu baadaye. Aliagiza laptop iwashwe, ichomolewe kwenye umeme, ichezwe video ya mahubiri, kisha akasema anakwenda kuswali adhuhuri. Mnyama mchovu, aliniambia tukiwa njiani kwenda msikitini, hulala jua linapopanda. Akaswali, akasalimiana na watu, akanywa chai taratibu bila haraka yoyote. Tuliporudi, mhubiri alikuwa bado anaongea. Baba akaridhika.

Bei hawakupatana kwa mdomo. Mwenye duka aliinua upindo wa shuka la baba, mikono yao ikaingia chini yake, wakawa wanabonyezana vidole kama wanavyofanya madalali mnadani, nyuso zao zimetulia kabisa kama watu wanaosubiri gari. Kila kidole kina thamani yake, na anayetazama haambulii kitu. Mpaka leo sijui ile laptop ilinunuliwa kwa kiasi gani. Ninachojua ni kwamba kuna mara moja mwenye duka aliutoa mkono kwa hasira, akakumbuka, akaurudisha.

Kabla hawajamaliza, baba akanituma nikanunue sukari na kitambaa cha mama cha Idd. Niliporudi nilimkuta nje, kifuko amekikumbatia kifuani, uso umechangamka. Duka lilikuwa limejaa watu. Tukapanda bodaboda na kurudi nyumbani, na njia nzima sikuacha kutabasamu, vumbi likanijaa kinywani.

Nyumbani niliifungua laptop mbele ya watu wote. Mama akaigusa kwa kidole kimoja. Nilihamisha kutoka kwenye simu picha za watoto niliowafundisha wakati wa mazoezi ya ualimu, kila mtu akaziangalia, na kufumba na kufumbua alama ya betri ikawa nyekundu. Nikaingiza mkono kwenye kifuko kutafuta chaja. Kifuko kilikuwa kitupu.

Nilimuuliza baba iko wapi ile waya nyeusi yenye kichwa kizito. Akaniambia kwa utulivu kabisa kwamba ameiacha. Mwenye duka aliitia kwenye kifuko, na yeye aliitoa kimyakimya mwenye duka alipogeuka kuhudumia mtu, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, ili asionekane mtu wa tamaa.

Sikuelewa. Nilifikiri ananitania. Ndipo aliponitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyesikia mwanawe hajui kunawa mikono, akasema:

"Ilikuwa kamba yake. Nichukue kamba ya mtu?"

Nilikasirika, tena sana. Nilitoka nje nikasimama karibu na zizi, na pale nikamwona kwa macho yangu yule mtamba asiyekuwepo, hasira ikazidi. Mnyama wangu amekwenda, na mahali pake nimeletewa ubao mweusi usiowaka. Na la kunimaliza kabisa ni kwamba kosa lenyewe halikuwa la ujinga. Baba alipatana kwa vidole na mtu wa mifugo, akakagua kama mfugaji, akanunua kama mfugaji. Angewezaje kufika mlangoni akawa mtu mwingine?

Kesho yake ilikuwa Idd. Maduka yalifungwa. Nilimtafuta mwalimu mmoja jirani mwenye laptop, akaniazima chaja yake kwa moyo mweupe, lakini ncha yake ilikuwa nene kuliko tundu la yangu. Niliisukuma nusura niivunje. Nyama ya Idd niliila bila kujua ladha yake. Mama alimweleza baba, polepole na kwa lugha yetu, kwamba ile haikuwa kamba, kwamba bila ile waya kitu hiki hakiwezi kuishi. Baba hakubisha. Nikaona jinsi jambo linavyomwingia kidogo kidogo. Alichokuwa akikifikiria hakikuwa waya. Alifikiria kwamba sasa lazima mtu arudi akaiombe.

Duka lilipofunguliwa nilikuwa nimejiandaa kwenda peke yangu. Kwangu halikuwa jambo kubwa: unaingia, unasema tulisahau chaja, unapewa, unashukuru. Nilimwambia hivyo. Baba alikuwa tayari amevaa kanzu yake ya Idd.

"Aliyeiacha ni mimi," akasema.

Tulilikuta duka limejaa kuliko siku ile ya kwanza, na bahati mbaya wengi walikuwa watu wa mnadani, wazee wa rika la baba, waliokuja kununua simu kwa faida ya Idd. Wakamsalimia, akawaitikia mmoja mmoja. Chaja ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Niliiona mara moja, nikatamani kuinyakua na kukimbia. Mwenye duka akatuuliza kama mzigo una tatizo. Nikafungua mdomo kusema tulisahau. Baba akaushika mkono wangu, akasogea mbele mpaka kwenye kaunta.

"Hatukusahau," akasema, kwa Kiswahili chake cha sokoni, na sauti yake haikuwa ndogo. "Mimi niliacha kamba yako, kama mtu wa heshima anaacha. Sasa mimi nimekuja kuiomba. Mtoto ana mtihani."

Vijana wachache wa mjini waliokuwepo hawakuelewa, lakini wazee walielewa wote. Mmoja wao aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake. Nimewahi kumwona baba akizika ng'ombe wa ukame mmoja baada ya mwingine, na nimewahi kumwona amelala hospitalini Malindi na mpira puani, lakini sijawahi kumwona ameumia kama alivyoumia pale, amesimama wima na kanzu yake nyeupe, anaomba kitu ambacho mtu wa heshima haombi. Nilimwonea uchungu, na nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda.

Mwenye duka hakucheka. Alitoka nyuma ya kaunta, na hilo lenyewe ni heshima, kwa sababu kwa wateja wengine hatoki. Akaitungua chaja. Waya yake ilikuwa imefungwa kwa kikanda kidogo cha plastiki, vile vya kuzuia isijisokote. Akakifungua kile kikanda taratibu, akakitia kwenye mfuko wa shati lake, kisha akampa baba chaja kwa mikono miwili.

"Mzee, kamba yangu nimebaki nayo," akasema. "Hii ni maji yake. Nani anauza ng'ombe, anamnyima maji?"

Baba aliipokea kwa mikono miwili. Halafu akamwombea dua, yeye na watoto wake na duka lake, dua ndefu ambayo mwenye duka aliiitikia amina mpaka mwisho huku wateja wakisubiri.

Mtihani niliufanyia nyumbani kwa shangazi mmoja hapo Garsen, kwa kuwa ana umeme wa kutegemewa. Baba alikaa mlangoni, akamzuia kila mtu kuingia, hata shangazi mwenyewe aliyekuwa anataka sufuria yake. Nilipotoka hakuniuliza juu ya maswali, kwa sababu hayajui na hajifanyi kuyajua. Aliuliza kama ilikunywa vizuri. Nikamwambia ilikunywa. Majibu yalipokuja, nilikuwa nimepita, na muhula uliofuata nikapata darasa langu kwenye chekechea moja katika kijiji cha Wema.

Lakini mnadani watu hawasahau. Ule wema wa mwenye duka haukusimuliwa sana. Kilichosimuliwa ni kwamba mzee fulani alirudi dukani kuomba kamba. Wakampa jina, kwa utani, na utani wa mnadani ukishashika hautoki: Mwomba Kamba. Mama alinificha jambo hilo muda mrefu. Nililisikia mwenyewe siku moja nilipomsindikiza baba kuuza mbuzi wawili, mzee mmoja wa rika lake alipoliita kutoka ng'ambo ya zizi la mauzo, mbele ya watu, na watu wakacheka.

Damu ilinichemka. Nilishageuka kumjibu yule mzee maneno ambayo binti hatakiwi kumjibu mtu mzima. Baba akaitika kabla yangu, kwa sauti ya kawaida, kama anayeitikia jina alilopewa na baba yake. Akanishika bega akanivuta mbele, ili yule mzee anione vizuri.

"Ndiyo mimi," akasema. "Na huyu ndiye niliyemwombea. Ni mwalimu."