Sahani ya Mama Shemasi

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilifika ku kituo cha afya cha Lushebere mbele ya muntu wa funguo. Mvua ilikuwa imenilowesha yote, lakini gilé yangu ya rele, ile koti bila mikono, ilikuwa mupya, nikaona hata ngombe za mu malisho zinaniangalia! Rele ni muntu wa kujitolea: anazunguka mu kambi ya bakimbizi, anapima batoto mukono na kamba ya rangi tatu, aone kama njaa imebakondesha. Kijani, mutoto iko muzima. Manjano, tumuangalie. Nyekundu, mubebe mbio. Leo namaliza miaka tano ya ile kazi, na ninyi barele bapya munaobakia, acha niwaambie vile ilikuwa.

Mukubwa wetu alikuwa infirmié, muuguzi wa kuongoza kituo. Wote tulimuita Papa Titulere. Ile asubuhi aliniambia neno moja tu: "Dada, hapa huruma inapimwa." Nikaitika ndiyo, ndiyo, bila kuelewa kitu.

Mbele ya saa ine kamba yangu ikafika ku nyekundu. Ilikuwa mutoto Neema, miaka mbili. Mama yake alikuwa amekimbia vita ya Nyabiondo kwa miguu pamoja na batoto wengine batatu. Papa Titulere akaagiza maziwa ya dawa: nusu kikombe, kila kisha saa tatu, basi.

Saa sita akafika Mama Shemasi, mukubwa wa bamama wa kanisa wenye kutembelea bagonjwa. Sahani yake ilijaa bugali na maharagi, mafuta inangaa juu. Mimi njo nilimufungulia mulango. Niliona Neema anameza, anameza tena, nikafurahi mpaka nikapiga makofi.

Saa tisa tumbo ya Neema ilikuwa imevimba, pumzi imekuwa fupi, moyo inakimbia. Papa Titulere alimushugulikia bila kutuangalia. Kisha akatuambia kama njaa ya siku mingi inachosha moyo pia, na chakula mingi kwa mara moja inaweza kuua mutoto wa vile.

Mama Shemasi hakukubali. "Papa, hata kuku yangu naipatia kupita hiyo kikombe. Mulienda kusomea uchoyo?"

Papa hakukasirika. "Mama, ku jiko yako, kama kumebakia kaa moja tu, unatupa gogo juu?"

"Hapana. Naweka majani makavu, napuliza polepole."

"Basi, njo hiyo."

Mama Shemasi akakaa ku benchi. Yeye aliomba kwa sauti ya chini, Papa alihesabu pumzi, mpaka mutoto akatulia.

Kesho yake tukakuta mama ya Neema anafunga vitu vyake. "Huyu mumoja anakunywa hapa," alisema. "Wale batatu wanakula nini?" Wote tulijua kama akimuondoa Neema, mutoto hatafika juma mbili. Papa Titulere akafungua kabati, akaifunga tena. Kwa njaa ya wale batatu hakukuwa dawa mule.

Mama Shemasi akasimama, akachukua sahani. "Wako mu hema gani?"

Kuanzia pale, kila siku sahani ilipita mbele ya mulango wetu bila kuingia, inaenda kambi. Na mama ya Neema akabakia. Siku kamba ilifika ku manjano, nilikimbia mu matope kuonyesha Papa, nikasahau kama gilé nimeivaa kinyume!

Kisha walinituma Ngungu, kisha kule mu pori ya Walikale, chini ya bakubwa wengine. Kila mahali nilifika na swali mbili: dawa inapimwa namna gani, na nani anapikia wale wa nyumbani?

Sasa narudisha gilé, naenda kusomea uinfirmié, hata kama kifaransa yangu ya masomo iko ya kuchechemea. Mama Shemasi alikuja kuniaga na sahani imejaa. Kwa heshima nikala nusu, nikasukuma.

Akairudisha mbele yangu. "Maliza, dada. Leo haipimwi."